Funguo za Tidburga

Wifi yangu Tidburga ni mfumaji, na hapa kijijini hakuna gauni la maana ambalo halijapita mikononi mwake. Yeye mwenyewe huvaa sufu ya kahawia, ushungi safi na mkanda mwembamba wa nyuzi za rangi. Enzi hizo mkandani zilining'inia funguo tatu: ya ghala, ya sanduku na ya kikasha cha bizimu zake za kubania nguo. Kwetu Wasaksoni mke hupewa funguo anapokuwa mwenye nyumba, na akipita unazisikia zikigongana. Tunaringa nazo, nisidanganye.

Lakini funguo hizo hizo zinaweza kukuponza. Sheria ya mfalme inasema mume akileta mali ya wizi nyumbani, mke hana kosa. Ila ikikutwa imefungiwa kwa ufunguo wa mke, naye ni mwizi. Tidburga wakati huo alikuwa anamnyonyesha mwanawe Osric.

Mumewe ni mdogo wangu, Ceolmund. Nampenda, lakini tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kujipamba. Hata vitambaa vya kufunga miguuni alivipanga kama bibi harusi. Ndiyo maana alipoingia ghafla asubuhi moja nikiwa kwa wifi nachambua sufu, amekumbatia joho jekundu lenye tarizi ya dhahabu ukingoni, sikuhitaji kuuliza ni la nani. Joho lile tuliliona kila Jumapili kanisani, mabegani mwa bwana wa kijiji.

"Mwendawazimu wewe!" nikamwambia. "Utalivaa wapi? Chini ya kitanda?"

"Dada, usinianze. Wanapekua nyumba kwa nyumba. Wameshafika kwa mhunzi." Akamgeukia mkewe. "Mama Osric, fungua sanduku. Sanduku la mwanamke hawatalivunja."

"Hawatalivunja. Wataniambia nilifungue," akasema Tidburga. "Litupe kule kwenye sufu."

"Wataliona!"

"Waone. Mimi sifungui."

Nje mbwa walianza kubweka. Ceolmund alichomoa kisu, na mimi nikapiga kelele nikidhani amerukwa na akili kabisa. Kumbe alikuwa anaukata mkanda wa mkewe. Alizikwapua funguo, akalisokomeza joho sandukuni chini ya mashuka, akafunga. Kisha akamnyooshea mkewe funguo.

"Zivae. Upesi! Wakizikuta kwangu wataniuliza."

Tidburga alisimama gauni limemlegea mwili mzima, mtoto begani. Mwanamke wa heshima hasimami mbele ya wanaume bila mkanda, na alikuwa tayari ameshika ncha mbili aunge fundo. Nikamkamata mkono.

"Usifunge," nikamnong'oneza. "Wifi, tafadhali, acha wakuone hivyo hivyo."

Wakaingia. Msimamizi wa bwana, Wihtgar, na watu wake wawili. Walipindua sufu, wakachungulia nyuma ya mtande wa nyuzi za kufumia, wakafika kwenye sanduku.

"Mama, fungua."

Tidburga alimtazama mumewe. Mmoja wa hawa wawili alikuwa anakwenda na maji, na mmoja ni damu yangu.

Ceolmund alikuwa ameficha ngumi nyuma ya mgongo. Nilimwona akimwangalia mtoto. Kisha, taratibu, akazileta zile funguo mbele na kuzitundika kwenye mkanda wake mwenyewe, pembeni ya kisu.

Wale wawili waliangua kicheko. "He! Leo Ceolmund kaolewa!"

"Ni zangu," akasema. Masikio yalimwiva. "Nimemnyang'anya. Mtazameni, mkanda nimeukata. Alinikatalia."

Akainama, akafungua sanduku mwenyewe.

Wihtgar hakucheka. Alilitoa joho, akalikung'uta, akamfunga Ceolmund mikono. Halafu akazichomoa funguo kiunoni mwake na kuzitupa sakafuni miguuni pa wifi yangu.

"Haya mama, okota vitu vyako."

Alisema kwa upole kabisa, mjanja yule. Tidburga alikuwa ameshainama nusu. Ni mazoea ya kila mwanamke. Sikuweza kumgusa, macho yote yalikuwa kwake. Akasita. Akamhamishia mtoto bega la pili, akasimama wima.

"Vitu vyangu?" akasema. "Hujamsikia mwenyewe?"

Wakaondoka na Ceolmund. Bwana hakumnyonga, alimfanya mtumwa wake, na hadi leo anachunga nguruwe ng'ambo ya kijito, nywele zimenyolewa, kanzu ya gunia.

Walipotokomea nikafunga mlango. "Okota sasa," nikamwambia wifi. "Wamekwenda."

"Okota wewe."

"Tidburga, mchezo umekwisha."

"Nani kakwambia ni mchezo?" Alikuwa analia na hasira juu. "Nyumba hii funguo zake anazo mume wangu."

Zilikaa pale pale sakafuni mpaka nilipozitundika ukutani. Mkanda mpya ameufuma, mzuri kuliko ule, lakini hauna kitu. Wanawake sokoni Winchester wakimtazama kiunoni na kumwuliza kama ni kijakazi wa mtu, huwaambia funguo ziko kwa mumewe. Wanacheka. Yeye hacheki, na mimi nimeacha kumbishia.