Jiwe la Muuza Ufuta

Siku ya kwanza nilipokwenda kuripoti kazini, Mkuu wa Idara ya Historia alilitazama buibui langu kuanzia juu hadi chini, akatabasamu kwa upole, akanambia, "Dada, masomo ya Kiislamu yako ghorofa ya juu, mkono wa kulia." Nikamshukuru, wala sikuondoka. Nikamwambia nimekuja kwa Wagiriki na Warumi. Akavua miwani. "Wagiriki?" akauliza. "Na Warumi pia," nikasema, "lakini Wagiriki kwanza." Akanielekeza kiti kwa kidole, na ndivyo nilivyoanza kazi ya msaidizi wa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, mimi Mejumaa, binti wa mkaanga samaki wa Msambweni.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana huko Kwale. Kitabu cha darasa kilikuwa na sura moja tu juu ya Athene, na sura yenyewe imejaa wanaume wanazungumza. Wanazungumza barazani, wanazungumza vitani, wanazungumza wakingojea kufa. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, hawa nani alikuwa akiwapikia?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, lakini swali halikunitoka. Niliomba masomo ya juu kwa ajili ya swali hilo, nikajifunza Kigiriki cha kale katika shahada ya pili, kisha nikakubaliwa kusomea udaktari huku nikifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nyumbani habari ilipofika kwamba Mejumaa anasomea udaktari, jirani mmoja alinisubiri likizo nzima anionyeshe goti lake.

Ninyi vijana mnaosoma kila kitu kwenye simu, acheni niwaeleze kazi ilivyokuwa. Mtafiti wa mambo ya kale hana watu wa kuwahoji. Ana vitabu vilivyonusurika, na ana mawe. Wagiriki walichonga maandishi juu ya mawe: sheria, shukrani, majina ya wafu. Taaluma ya kuyasoma huitwa epigrafia. Sasa jiwe liko Athene na wewe uko Nairobi, utalisomaje? Ilikuwako njia. Jiwe husafishwa, likafunikwa kwa karatasi nzito iliyoloweshwa maji, kisha karatasi hiyo hupigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka ikaingia ndani ya kila herufi. Ikikauka hubanduliwa, na huwa imeshika sura ya jiwe lote, mikwaruzo na nyufa. Sisi tuliiita skwizi. Ukiigeuza, herufi husimama kwa nyuma, waweza kuzipapasa kwa vidole.

Msimamizi wangu, tuliyemwita Profesa, alikuwa na kabati zima la skwizi. Alikuwa mzee wa bara, mwenye sweta ya kijivu aliyoivaa hata Januari. Ujanani alisomea seminari, akatoka na Kigiriki akauacha upadri. Baadaye alipata nafasi ya kusoma ng'ambo, na zile skwizi alizipiga kwa mkono wake mwenyewe. Aliniwekea moja mezani siku nilipomweleza swali langu. "Huyu hapa mpishi wako," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Ama tuseme muuzaji. Soma."

Ilikuwa nakala ya jiwe dogo la kaburi, pana kama sinia ya chai. Jina la maiti lilikuwa limevunjika, imebaki herufi chache za mwisho. Chini yake kazi yake, kwa neno la kike: muuza ufuta. Na chini kabisa, kama ilivyokuwa desturi yao, jiwe lilimwomba mpita njia asimame kidogo na amsalimie. Hapana mume, hapana baba. Ufuta tu, na ombi la salamu.

Jamani, mimi nililelewa Msambweni. Kwetu huyapiti makaburi kimya kama mbuzi. Tangu mdogo nimefunzwa kuwatolea salamu walio ndani, kwa sababu wanasikia na wanangoja. Nikaisoma ile ibara kwa sauti, kama tulivyozoeshwa utotoni chuoni, yaani madrasa, kusoma kwa sauti, kisha mdomo ukaenda wenyewe: nikataka kusalimia. Hapo nikakwama. Salamu ya makaburini ni dua ya waumini, na huyu marehemu wangu alikuwa na miungu yake mia. Sikutaka kujitia katika mambo ya Mola. Lakini umri ni umri. "Shikamoo, mama," nikaiambia ile karatasi.

Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Wewe msichana wa pwani! Unaamkia karatasi?"

"Ameomba, Profesa. Imeandikwa hapo."

Akaacha kucheka. Akaivuta skwizi akaitazama upya, na nikamwona anawaza. Siku nyingi baadaye nilifika mapema nikamkuta amefungua kabati, na wallahi nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mama Ufuta." Jina likabaki hilo. Kutoka hapo hapana aliyeitoa skwizi ile kabatini bila kumwamkia mwenyewe, na salamu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa tasnifu yangu: wanawake wauzaji wa soko la Athene, na namna mawe yao yanavyodai kujibiwa na wapitao.

Mama yangu alipenda habari za Mama Ufuta kuliko za jamaa zetu wengi. Nikirudi likizo hunikalisha karibu na karai lake la samaki. "Alikuwa na mume?"

"Haikuandikwa, mama."

"Basi alikuwa naye na hafai kuandikwa. Na huko kulikuwa na kodi ya soko?"

"Ilikuwako."

"Ilaaniwe huko huko!" Kisha hugeuza samaki, akauliza. "Na wewe utakwenda lini kumwona?"

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Skwizi ni nzuri, lakini skwizi si jiwe. Karatasi haisemi kama alama fulani ni mchoro wa patasi au ni mkwaruzo wa jembe lililolifukua. Haikupi unene, wala uzito, wala rangi. Herufi unayoitilia shaka huiwekea nukta chini yake, ndiyo kanuni, na Mama Ufuta wangu alijaa nukta. Nilitaka kwenda. Nilitaka kusimama mbele ya jiwe lile, kama mtu aliyeombwa asimame, nimwamkie uso kwa uso. Sitawaficha, nililitaka hilo kuliko cheti.

Nafasi ikapatikana. Mkuu wa Kitivo aliniita ofisini akanipa habari kwa kinywa chake: ufadhili wa mwaka mzima huko Athene, makazi na maktaba, na ruhusa ya kuingia ghala za makumbusho. Nilipiga kigelegele palepale, katibu wake akatoka mbio akidhani kuna harusi. Nikanunua sweta. Nikajifunza Kigiriki cha siku hizi cha kuombea maji na choo.

Mama akapooza upande mmoja majuma machache kabla ya safari. Mimi ndiye binti pekee, na ndugu zangu wa kiume mnawajua walivyo, wema wao huishia mlangoni. Nilikaa naye hospitalini Msambweni nikimlisha uji kwa kijiko. Ulimi ulipoanza kufunguka, neno la kwanza alilonambia ni, "Nenda." Nikasema siendi. Akakasirika, na nusu ya uso wake ndiyo iliyokuwa ikikasirika. "Huyo mwanamke anakungoja!"

"Na wewe je, mama?"

Akaufumbata mkono wangu kwa ule mkono wake mzima.

Nilimpigia simu Profesa nikitarajia karipio. Akasema, "Kaa na mzee. Jiwe halitaki kulishwa." Nafasi ikapewa mtu mwingine, nami sikumlaumu mtu wala sijutii. Lakini msije mkafikiri kutojuta kunaondoa hamu. Nilikuwa nikimkanda mama mguu huku moyo wangu uko mbele ya jiwe.

Tasnifu niliimaliza kwa karatasi. Siku ya utetezi, yaani siku mtafiti anapokalishwa mbele ya jopo kuulizwa maswali, mtahini wa nje alikuwa bwana mmoja mkavu, asiyekunywa hata maji. Alizisifu sura zangu. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa Mama Ufuta. "Daktari mtarajiwa, jiwe hili umeliona?"

"Nimeiona skwizi yake."

"Nimeuliza jiwe."

"La. Sijaliona."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika. Iko kwenye tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa: mwandishi hakuliona jiwe. Nilifaulu, nikavishwa joho, mama akaletwa Nairobi kwa kiti cha magurudumu akashinda akiwaambia watu kwamba tumehitimu. Lakini kila makala niliyoichapisha baadaye ilibeba sentensi ile, na kila nilipoiandika iliniuma. Alitangulia mama mbele ya haki, kisha Profesa. Profesa nilimwombea kwa namna yangu, yeye na mwanamke wa ufuta pamoja, na Mola anajua nia.

Nilihamishiwa kampasi ya pwani nikawa mhadhiri, kisha Mkuu wa Idara yenye walimu wawili na feni moja. Vijana walikuja mwaka hadi mwaka, wengine kwa kukosa nafasi kwingine, nikawafundisha kuzisoma nukta, na mabano ya herufi zilizopotea, na kumwamkia Mama Ufuta. Mara kadhaa nilijaribu safari. Mara watoto wangu walikuwa wadogo, mara ubalozi ulininyima viza, mara magoti. Ukiniuliza leo nakikosa nini katika kazi, si mshahara wala mkutano. Nakikosa chumba kile cha kabati asubuhi, taa imeinamishwa ubavuni ili herufi zitupe kivuli, na mzee wa sweta ananguruma, "Hiyo ni sigma, acha kubahatisha." Sasa nimestaafu, niko Msambweni kwenye nyumba ya mama. Naweza kumaliza mwezi mzima bila kukutana na mtu wa kuzungumza naye habari za Wagiriki. Wajukuu hunisikiliza kwa adabu, wakaomba kwenda kucheza.

Mwanafunzi wangu wa mwisho ni Mumbua, mtoto wa walowezi wa Kikamba huko Shimba Hills. Ni binti mwenye haraka, anayechanganya Kiswahili na kila kitu. Yeye sasa ndiye anayesomea udaktari, na mwaka huu amepata ufadhili, Athene, mwaka mzima. Alikuja kuniaga. "Mwalimu, nikuletee nini?" Nikamwambia asiniletee kitu, ila alitafute jiwe. Alipoondoka nilijifungia chumbani, sikutaka mtu.

Amenipigia juzi. Jiwe liko ghalani, wamemruhusu kuingia na mlinzi wa funguo yuko naye. Picha hairuhusiwi mle ndani, lakini kuongea hakuna aliyemkataza.

"Mwalimu, niko mbele yake. Imagine! Niko hapa kabisa!"

Nilikuwa na maswali ya maisha yangu yote. Nukta zile. Ukingo uliovunjika. Herufi ya tatu kutoka mwisho wa jina. Yote yalinipotea.

"Lina rangi gani?" nikauliza.

"Nini?"

"Jiwe, Mumbua. Rangi yake."

Nikasikia nyayo zake zikilizunguka, nikajua analitazama sawasawa, kama nilivyomfundisha. "Kama samli, Mwalimu. Samli ikishaganda. Na huku ubavuni kuna wekundu kidogo, kama udongo wa kwetu Shimba."

Nikakaa kitandani. Samli. Nimeishi na mwanamke yule tangu sina mvi, nimezipapasa herufi zake kwa vidole hivi, na sikuijua rangi yake.

"Mwalimu? Unalia?"

"Nalia, ndiyo. Nilitaka niwe mimi hapo. Nisamehe, mwanangu, nakufurahia, wallahi nakufurahia, lakini nilitaka niwe mimi."

"Najua, Mwalimu." Sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Sasa nifanye nini?"

"Msalimie. Ameomba."

"Kwa Kigiriki?"

"Kwa Kiswahili. Ameshazoea."

Nikamsikia anakohoa kusafisha koo. Funguo za mlinzi zikalia mahali fulani. Kisha Mumbua, yeye aliyezoea kunisalimia kwa "hai" na kupunga mkono, akasema kwa sauti nzima, taratibu, katika lile ghala la Athene, "Shikamoo, mama."

Nami, kabla sijawaza, nikaitikia:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."