Mrusha Mkuki wa Kerege

Mbaruku alikuwa mkulima wa mihogo huko Kerege, na kurusha mkuki alijifunza kwa kuwawinda nguruwe waliomharibia shamba. Mwaka 1936, michezo ya wilaya ilipofanyika Bagamoyo, alikwenda kwa miguu, akapanga foleni na warushaji wengine. Zamu yake ilipofika alikimbia, akaachia. Mkuki ukaipita bendera iliyoonyesha mrusho wa meneja wa shamba la katani, Mzungu aliyekuwa akiongoza, ukajichoma kwenye nyasi mbali kabisa.

Watu wa Dunda, mtaa wa hapo Bagamoyo, wakalipuka kwa shangwe. Mwamuzi hakuinua hata kamba ya kupimia.

"Huyu hana viatu," alisema. "Hahesabiwi."

"Bwana, nimerusha kwa mkono," Mbaruku akajibu. "Pima."

"Ondoka!"

Mbaruku akatembea hadi uliposimama mkuki, akaketi kando yake. Mbio za magunia zikakwama. Askari Sadallah, aliyekuwa akimfahamu, akamwinamia. "Ndugu yangu, inuka, utaniponza."

"Nipimiwe, nitainuka."

Askari wakambeba mzobemzobe hadi mahabusu. Kesho yake walimwachia, wakamkataza kuukanyaga tena uwanja ule.

Mkewe, Somoe, alimpokea amenuna. "Umekwenda kututia aibu?"

"Nimekwenda kushinda, na nimeshinda."

Somoe akashindwa kuendelea kununa, akacheka. "Basi nenda Dar es Salaam. Huko hawajakukataza."

Akaenda. Alishinda huko mwaka baada ya mwaka, pekupeku vilevile, mpaka vita vilipokuja na michezo ikasimama. Vita vilipokwisha alianguka kutoka juu ya mnazi, bega la kulia likavunjika. Daktari alimwambia mkono ule hautapanda tena juu ya kichwa. Mbaruku alinung'unika msimu mzima, kisha akaanza kurusha kwa kushoto, huku majirani wakikimbia kila mkuki ulipokwenda kombo.

Mwaka 1951 alirudi Bagamoyo. Waamuzi walikuwa wapya, wakamwekea kiti miongoni mwa wageni.

"Shikamoo mzee, karibu ukae," kijana mmoja mrushaji akamwambia.

"Marahaba. Sikuja kukaa."

Mrusho wa kwanza ulianguka karibu, watu wakaguna. Mwamuzi akamshika mkono ampeleke kivulini. Mbaruku akauchomoa mkono wake.

"Bado nina zamu mbili," akasema, akaenda kuuokota mkuki mwenyewe.

Mrusho wa mwisho ndio ulioruka. Ulimpa nafasi ya nne, mbele ya vijana kadhaa, na alirudi Kerege akijisifia nafasi hiyo kuliko ushindi wake wote wa Dar es Salaam.