Nusu Kinywa, Nusu Kalamu

Kila somo liwe nusu kalamu, nusu kinywa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Naftaly Wathome, na katika nyumba yake ya Mbotela haikuwa na mjadala. Aliyekuja kujifunza Kichina au Kirusi aliandika kwanza, kisha akafunga daftari na kuzungumza mpaka muda uishe. Wathome alisoma Peking ujanani, akamalizia Kiev, na kote huko aliwaona wenzake wakikwama: huyu anapiga soga sokoni lakini hawezi kusoma kibao, yule anaandika insha lakini hawezi kuomba chumvi.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, mwaka 1996, kwa ajili ya Muthoki.

Muthoki, binti wa jirani yake Kaluki, alitafuta nafasi ya kusomea udaktari Urusi. Kalamu yake ilikuwa nzuri. Kinywa, utadhani kimetiwa gundi. Kila walipofunga daftari, aliinamia sakafu.

"Mwalimu, hii ya kuongea tuachane nayo tu," alisihi.

Kaluki, mama yake, akaja mwenyewe, leso kiunoni. "Mtihani ni wa kuandika, Mwalimu. Mbona unamtesa mtoto? Ama unataka awe mtangazaji wa redio?"

"Mama Muthoki, lugha ina miguu miwili."

"Basi wacha aruke kwa mmoja mpaka afike. Huo mwingine atauteremsha hukohuko Urusi."

Wathome akacheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Alimwonea msichana huruma, akalegeza. Miezi mitatu Muthoki akawa anaandika tu. Lakini sheria inayovunjwa kwa huruma imevunjwa vilevile.

Mtihani wa kuandika aliupita. Kisha akaja mbio, amepauka midomo. "Mwalimu, wanasema wiki ijayo kuna mahojiano. Kwa Kirusi!"

"Hebu niambie unapenda nini."

Muthoki akajikaza, akasema kwa Kirusi kwamba anapenda kusoma na kuandika. Ila neno la kuandika, *pisat*, hukaziwa mwishoni, na vitabu vya kawaida haviweki alama yoyote ya mkazo. Ulimi wa Muthoki, uliolelewa na Kiswahili, uliikaza silabi iliyo kabla ya mwisho, kama tufanyavyo sote.

Wathome akafumba macho. "Umesema unapenda kusoma na kwenda haja ndogo."

"Woi!" Muthoki akafunika uso.

Aibu ilikuwa ya mwalimu, wala hakumtupia mtoto. Jioni zake nyingine zilikuwa za wafanyabiashara watatu wa Kariobangi waliojifunza Kichina. Aliwaomba wasubiri wiki moja. Jioni zote hizo alitembea na Muthoki na mama yake hadi Barabara ya Jogoo na kurudi, mwalimu na mwanafunzi wakizungumza Kirusi, mama akifuata nyuma, Wathome akipiga kofi pale neno linapokazwa, wauza mboga wakiuliza ni kwaya gani hiyo ya watu wawili na mlinzi.

Siku ya mahojiano, Kaluki na Wathome walingoja nje, kando ya ukuta mfupi. Nafasi ilikuwa hiyo moja, na wote wawili walijua nani angelaumiwa.

Muthoki akatoka akicheka hadi machozi. "Nimelisema, Mwalimu! Lile la chooni!"

Kaluki akashika kichwa.

"Wakaangua kicheko. Zamani ningenyamaza hadi kesho. Nikawaambia samahani, huo ni ulimi wa Kiswahili, hukaza mapema. Nikalirudia vizuri. Wakaniuliza Kiswahili chenyewe kikoje, tukaongea mpaka chai ikaletwa. Wamenichukua!"

Kaluki akapiga vigelegele. Wathome aliketi juu ya ukuta, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana wiki nzima.

"Haya, Mwalimu," Kaluki akamwambia, akimfutia vumbi begani. "Mguu wa pili nimeuona."

Wale watatu wa Kariobangi walipata mwalimu mwingine wiki ileile. Hawakurudi, na Kichina hakikufundishwa tena Mbotela.