Shombo Sebuleni Siku ya Posa

Jamani, haya nayasimulia uso nimeuficha kwa kiganja, maana mtu mzima kama mimi, mwenye ndevu na kazi yake, kuaibika mbele ya wakwe kwa sababu ya mmea wa sebuleni si jambo la kujivunia, lakini nyinyi ni watu wangu, na nisipowaambia mimi atawaambia dada yangu Rukia, naye hutia chumvi.

Nyumbani kwetu Kuze, ghorofani, pembeni mwa sebule, nina monstera, ule mmea wa majani mapana yaliyochanika chanika kama yamekatwa kwa mkasi. Nimeulea tangu una majani mawili mpaka sasa wanipita kimo, naupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, naugeuza upate mwanga kila upande (mama husema mke nitakayemuoa aje akijua yeye ni wa pili).

Sasa Jumapili ile wageni walikuwa waja kumposa Rukia, watu wa heshima zao kutoka Kizingo, nyumba imepigwa deki mpaka ngazi, nami asubuhi natupa jicho pembeni, naona jani moja limegeuka manjano. Manjano! Siku kama ile! Nikakumbuka kwenye simu kuna mtu alisema maji yaliyooshewa samaki ni mbolea, majani yang'ara siku hiyo hiyo (siku hiyo hiyo, nami nikaamini). Jikoni mama alikuwa aosha nguru wa biriani. Nikamngoja ageuke, nikalichukua bakuli. Nilikusudia kumimina kidogo tu, wallahi, lakini mkono ukawa mwepesi, nikamaliza lote pamoja na damu yake.

Mpaka adhuhuri hapakuwa na neno. Lakini joto letu mwalijua. Alasiri mama akasimama mlangoni, akanusa, akanusa tena.

"Abdu, mbona huku kwanuka shombo?"

"Labda ni kwa jirani, mama."

Nikakimbilia chetezo, nikatia udi mpaka moshi ukafunga sebule, nikitaraji harufu nzuri itaifukuza mbaya, kumbe zikashikana mikono, ikawa kama samaki aliyejipamba kwenda harusini, na papo hapo twasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Wakaingia. Mbele ami yake bwana harusi, mzee mrefu, kanzu nyeupe pepepe, na kati ya viti vyote vya sebule ile (vipo vingi, hatukosi viti) akaenda kukaa kile cha ubavuni mwa mmea wangu. "Mashaallah, majani haya!" akasema, nami nikavimba kichwa, nikasahau hatari yote, nikaanza kumweleza mwanga na unyevu, mpaka baba akakohoa ninyamaze, watu wamekuja kuposa.

Ami akaanza maneno yake, taratibu, kwa adabu, "Tumekuja kwenu kuomba ujamaa..." na hapo ndipo paka wa kwanza akaingia. Mwajua paka wa mitaa yetu, hawangoji kukaribishwa. Akafuatwa na wa pili, na wa tatu mwenye sikio moja, wote wakenda moja kwa moja kwenye chungu, wakaanza kufukua udongo. Nikawafukuza kwa mguu huku juu natabasamu. Hawakujali. Basi nikaona bora niutoe mmea nje kimya kimya, ami akiendelea kusema, nikauinamia, nikaunyanyua pamoja na sahani yake ya chini inayokinga maji, na sahani ile, ndugu zangu, ilikuwa imejaa pomoni.

Ikateleza.

Maji yote mapajani mwa ami! Maji mekundu mekundu, yamelala na joto tangu asubuhi! Na kabla sijasema astaghfirullah, yule paka wa sikio moja akaruka akatua pale pale, akaanza kuilamba kanzu.

Baba alinitazama jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Mimi nimekumbatia chungu, jani limeniziba nusu ya uso, nawaza nimemharibia dada yangu ndoa yake, na kijana wa watu ampenda.

Ami akamtazama paka. Akanitazama mimi. Akauliza polepole, "Nguru ama changu?"

"Nguru, ami," nikajibu, sauti kama ya mbu.

"Basi leo twala vizuri."

Weee! Nyuma ya pazia Rukia aliangua kicheko ambacho mwari hatakiwi kukitoa mbele ya wakwe, mama akamfuata, wageni wakamfuata, mpaka baba akafuta machozi. Ami alivishwa kanzu ya baba, ikamfika magotini, akakaa nayo hivyo hivyo, akaposa, akakubaliwa, akala sahani mbili.

Mmea niliupandisha juu ya paa, nikaubadilisha udongo wote, majani matatu yakafa, mengine yakapona. Nilikuja kujua ulikuwa na kiu kidogo tu, na jani la chini likizeeka hugeuka manjano, ndiyo maumbile yake.

Rukia ameolewa salama, alhamdulillahi, ila huko Kizingo jina langu la Abdu halijulikani, watoto hunipokea mlangoni, "Mjomba Shombo kaja!" Nami naitika, nifanyeje? Lakini nimeapa, mmea wangu utakunywa maji ya mfereji kama sisi sote, na nikiona jani la manjano siku ya wageni, nitakata jani, ninyamaze.