Kundi Moja la Nyuki

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu, mjomba, shangazi, nyanya aliyefika kwa basi kutoka magharibi, na jirani yetu Mkamba aliyechonga vinyago kibarazani kwake. Tulikaa chini ya mjakaranda nyuma ya nyumba yetu pale mtaani Jericho. Mama tulikuwa tumemzika juzi tu, kando ya baba. Kikao kilikuwa cha kutugawa: kitinda mimba Kayole kwa shangazi, wawili kwa nyanya, mimi kwa mjomba.

Chai haijapoa, nyuki wakaja. Unaijua sauti ile, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Walizunguka juu ya kamba ya nguo, kisha wakashikana kwenye tawi, wakaning'inia kama gunia linalopumua. Nyanya akachukua sufuria na mwiko, akaanza kupiga ili wasiruke tena.

"Mama, hao si kuku," mchongaji akamwambia. "Wameshatua. Unatuumiza masikio tu."

"Kwetu tunapiga," nyanya akajibu, akazidi kupiga.

Mjomba alitaka wachomwe kwa mafuta ya taa. Mchongaji akakataa. Alisugua nta ndani ya sanduku la mbao, akaliweka chini ya tawi, akalitikisa tawi kwa nguvu. Kundi likaanguka kama unga unaomwagwa. Akatulia, mikono mitupu, mpaka waliobaki nje wakamfuata malkia ndani. Kisha akaliweka sanduku miguuni pangu.

"Mzee, mwachie huyu dada wadogo zake mpaka mti huu uchanue," alimwambia mjomba. "Asali ikikosekana, wachukue."

"Sasa nyuki ndio watalisha watoto?"

"Na wewe ungewalisha nini?"

Mjomba akakubali kungoja. Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi.

Mimi nikaacha shule. Mchongaji alinifundisha kufuata maua: mahindi ya kando ya reli wakati wa mvua, miparachichi ya majirani, halafu mjakaranda wenyewe, sanduku likinukia hadi jikoni. Asali niliiuza kwa kijiko kwa watu wenye kikohozi. Kitinda mimba alitafuna masega hadi nta ikamganda menoni. Uji ulikuwa mwepesi, lakini tuliunywa katika nyumba moja.

Mchongaji hakutaka pesa. "Kwetu kundi haliuzwi," alisema. "Lako likigawanyika, nirudishie kundi."

Lilipogawanyika mara ya kwanza, kundi jipya lilipita juu ya mapaa likatokomea upande wa mtaa wa Pipeline. La pili lilitua kwenye ukuta wa duka, na kabla sijafika watu walikuwa wamelichoma. Kisha miti ikakatwa, magorofa yakapanda, na asubuhi moja sanduku likawa kimya.

Mchongaji alirudi Kitui. Ukame ulimaliza nyuki katika mizinga yake yote. Kila aliponipigia simu aliuliza, "Nyuki wangu hawajambo?" Nami nilimwuliza habari za mvua.

Mwezi uliopita binti yake ndiye aliyepiga. Walikuwa wametoka kumzika.

"Ametuachia mzinga mtupu," alisema. "Alituambia tusiuguse, wewe utaleta nyuki."

"Nitaleta," nikamjibu.

Jericho nilikwenda kutazama. Kisiki cha mjakaranda kimefunikwa kwa saruji, pikipiki zimeegeshwa juu yake. Sanduku liko juu ya paa la gorofa ninakopanga. Kila mvua ikiisha napanda kulisugua nta upya, nakaa kando yake nikisikiliza. Wadogo zangu ni watu wazima sasa. Kundi lake bado sijarudisha.