Kivumbasi cha Jirani

Mwezi uliopita nilirudi Mpanda kumzika shangazi, na msiba ulipoisha nikapita mtaa wetu wa zamani karibu na soko. Nyumba ya jirani yetu Mhindi imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka zenye milango ya chuma. Nilisimama kidogo, nikaendelea na safari. Siku hizi nachoka upesi, rafiki yangu, na si miguu peke yake.

Miaka ile ya tisini ua wake na wetu ulitenganishwa na uzio wa mabua tu. Asubuhi kwetu kulinukia moshi na uji wa mahindi. Kwake, samli na binzari. Mume wake aliuza vitambaa dukani mbele. Katikati ya ua walikuwa na chungu kikubwa chenye mmea ambao bibi yangu, aliyetoka kijiji cha Mamba na magunia yake ya mpunga, aliuita kivumbasi. Kwetu kivumbasi ni cha kufukuzia mbu na kujifukizia homa. Jirani yeye aliumwagilia maji, akawasha utambi wa samli, akauzunguka taratibu huku midomo ikicheza. Bibi alimchungulia akaguna: "Nyie! Mtu mzima anaamkia majani!"

Kisha mume wake akaugua figo, ikabidi ampeleke Mwanza kwa treni. Kabla ya kuondoka aliniita, mimi msichana wa miaka tisa, akanikabidhi kikombe cha shaba.

"Unawe mikono kwanza, mwanangu. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Jumapili haupewi maji."

Akaugeukia mmea, akauinamia. Kwa jinsi alivyoutazama, mimi mwenyewe nikajiwekea kichwani kwamba ukiwa hai, mumewe atakuwa hai. Kila asubuhi nilinawa mara mbili kabla ya kuumwagilia.

Wiki ya tatu mdogo wangu akashikwa na malaria. Zahanati walimpa dawa, homa ikagoma kushuka. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amefunikwa blanketi juu ya sufuria inayofuka mvuke, na kule uani kwa jirani kimebaki kisiki. Bibi hakuona kosa lolote. "Majani ni dawa. Ulitaka mtoto aungue na homa?" Kesho yake mtoto aliomba ugali na samaki wa mgebuka. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Kisiki kilikauka. Nikaenda nyuma ya reli, nikang'oa kivumbasi cha porini, nikakipanda mle chunguni. Nikamwomba Mungu wetu, nikamwomba na wa kwake, yeyote atakayesikia.

Jirani alirudi peke yake, amevaa sari nyeupe ya ujane. Nilijua hapo hapo kwamba nimeua mtu.

Aliinama, akavifikicha vijani viwili na kuvinusa. Akaingia ndani kuoga, akatoka na maji, akakimwagilia kile kivumbasi cha porini na kukizunguka vilevile kama zamani. Nikaangua kilio, nikamweleza yote.

"Mdogo wako amepona?"

"Amepona, mama."

"Basi. Majani yamefanya kazi yake. Na mume wangu siku zake zilifika. Hajafa kwa mkono wako, umesikia?"

Nilimuuliza kwa kwikwi, sasa mbona bado anaomba, tena kwenye majani ya reli? Alikaa kwenye ngazi, uso wake umechoka kuliko nyuso zote nilizowahi kuona. Akasema kwao imani ni kuuweka moyo mahali, na mmea ni mahali tu. Imani haitoki kwenye mmea, wala hailetwi na kuhani. Inatoka kwenye tabia ya mtu, ndiyo maana inafanana naye. Yuko anayeamini kwa utulivu, hata asipopewa kitu. Yuko anayeamini kwa sababu anataka kitu. Na yuko anayeamini kwa woga.

"Wewe ulimwagilia kwa woga, mwanangu. Usikue nao."

Mwaka uliofuata alihamia Dar kwa mwanawe, na sikumwona tena. Wahindi wengine pia walifunga maduka, mmoja baada ya mwingine. Uzio wa mabua hakuna, harufu ya samli hakuna, na bibi tulimzika zamani.

Mimi nimekua, na woga nimekua nao. Nimesali watoto wasiugue, mume asiachishwe kazi, mvua isikatike, na kila ninapokosea sala nahisi kuna mtu atakufa. Mchungaji wangu husema nina imani kubwa. Namwitikia tu amina, maana sina nguvu ya kumweleza. Yule mama alimpoteza mumewe, akarudi akauweka moyo wake kwenye gugu la njiani ukatulia. Wangu sijawahi kuuweka popote. Nimeubeba mpaka leo, na ni mzito.