Fundi Ngeleja na gari lililokaa langoni miezi minane

Saa moja na nusu asubuhi, kijijini Kerende, wilayani Tarime. Ngeleja Mayunga amelala chali chini ya gari dogo la rangi ya fedha. Miguu yake imebaki nje, ndani ya mabuti ya mgodini aliyoyakata shingo ili yasimbane. Mkono mmoja umeshika spana. Mwingine unapapasa mpira wa bomba la hewa, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba katika unyayo wa mtoto.

"Anakuja saa mbili," anasema akiwa hukohuko chini. "Mokami hachelewi. Akikuambia saa mbili, basi saa mbili kasorobo amesimama hapo anakutazama."

Gari lenyewe ni Starlet yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi na kuipa nguvu kuliko umbo lake. Kwa miezi minane halijatembea. Lilikaa mbele ya lango la gereji, pua ikielekea barabarani. Nafasi nyingine zilikuwapo, lakini Mokami, mwenye gari, alikataza lisisogezwe. Alitaka kila apitaye aione kazi ya fundi Ngeleja.

Leo ni siku ya kuamua. Mokami ataliendesha mwenyewe hadi Issenye, wilayani Serengeti, na kurudi, njia ileile iliyoua injini ya kwanza. Wakirudi, bomba la hewa litafunguliwa na kupanguswa kwa ndani na kitambaa cheupe. Kikitoka cheupe, analichukua gari lake. Kikitoka na wekundu wa vumbi, gari linabaki langoni.

Ngeleja ameongeza sharti lake mwenyewe: likibaki, hatagusa tena tabo ya mtu. Atarudi kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alikoanzia ufundi.

Ana miaka 47. Alizaliwa Kishapu, mkoani Shinyanga, na aliingia Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka 2005 na wenzake sita, kila mmoja na sururu yake na ndoto yake.

"Dhahabu niliiona," anasema. "Niliiona mikononi mwa watu wengine."

Baada ya miaka miwili ya mashimo, alipewa kazi ya kulinda injini ya dizeli ya karasha. Ilipoharibika, mwenye mashine alimwita fundi kutoka mjini. Ngeleja akakaa pembeni akitazama. Ilipoharibika mara ya pili, hakuna aliyeitwa.

Vijana waliobahatika mgodini walipoanza kununua magari madogo yenye tabo, waliyaleta kwake. Walitaka yakimbie zaidi. Alijifunza kupanua bomba la moshi, kufunga rejeta kubwa ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, kubadili pampu ya mafuta na klachi. Mengi aliyasoma kwa kutazama video kwenye simu, huku akisimamisha picha kila baada ya dakika moja ili achore kwenye daftari.

Siku ya kawaida, ya kubadili pedi za breki na kumwaga oili, humpatia kama shilingi 20,000. Kazi moja ya tabo, inayochukua wiki nzima, ilimpatia ujira wa 350,000. Fedha hizo ndizo zilizowavusha watoto wake wawili sekondari.

Kisha akaja Mokami.

Ana miaka 34, mzaliwa wa Tarime, na ana duka la jumla la vipuri vya pikipiki huko Sirari, mpakani. Kila wiki hupeleka minyororo, matairi na taa kwenye maduka madogo ya Nyamongo, Mugumu na Issenye. Kiti cha nyuma cha Starlet yake amekikata nusu ili mzigo uenee.

"Ile gari ilikuwa ikipanda mlima na mzigo inalia kama mbuzi," anasimulia. "Nikamwambia fundi, mimi nataka ingurume. Pesa ninayo, vifaa nimeagiza. Wewe funga."

Ngeleja akafunga. Bomba la moshi la inchi mbili na nusu, rejeta ya kupoza hewa nyuma ya bampa, geji ya kuonyesha msukumo wa hewa. Na juu ya hayo, filta ya hewa ya wazi, yenye umbo la koni, nyekundu, inayong'aa kama kikombe cha mshindi. Boksi la plastiki ambalo gari lilitoka nalo kiwandani alilitupa, kwa sababu kwenye video zote alizozitazama lilikuwa likitupwa. Koni akaishusha chini, karibu na gurudumu la mbele, ili ivute hewa baridi.

Kwa wiki saba Starlet ilinguruma. Mokami anakiri kwamba alikuwa akizipita hata gari za wenye migodi, na kwamba siku moja alipunguza mwendo makusudi ili mmoja wao aone ni mwanamke aliyempita.

Wiki ya nane, karibu na Issenye, moshi wa bluu ulianza kutoka nyuma. Alipofika Kerende akivutwa na lori, injini ilikuwa imekwisha. Ngeleja alipoifungua tabo alikuta mapanga ya feni yameliwa kama meno ya mzee. Kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini. Vumbi jekundu la barabara, laini kama unga wa muhogo, lilikuwa limepita kwenye ile koni wiki zote hizo na kuisugua injini kama msasa.

Kinachomuuma Ngeleja ni kwamba hakuna mtu katika Kerende nzima aliyelijua vumbi hilo kuliko yeye.

"Kwenye karasha, injini inakaa katikati ya vumbi mchana kutwa," anaeleza. "Tulikuwa tunapandisha bomba la hewa juu kabisa, tunafunga sponji yenye oili, tunaifua kila jioni. Injini inadumu miaka. Nilipoanza magari nikaona hayo ni mambo ya kishamba, ya mashimoni. Nikafunga gari la lami kwenye barabara ya udongo. Nilikuwa na dawa mfukoni, nikaona aibu kuitoa."

Mokami hakudai fidia. Alishuka kwenye lori, akatazama gereji, akaonyesha kidole mbele ya lango.

"Nilimwambia aiache pale," anasema. "Angenilipa, angesahau. Hiyo nilijua hataisahau."

Wapita njia nao hawakumsahaulisha. Gidion, dereva wa bodaboda anayeegesha ng'ambo ya barabara, alimsalimia kila asubuhi kwa kejeli mpya.

"Mzee Ngeleja, marehemu ameamkaje?"

"Ameamka salama," Ngeleja alijibu siku zote. "Anakusalimia."

Wateja wa tabo waliisha ndani ya mwezi mmoja. Waliobaki ni wa pedi na oili. Mkewe, Verdiana, anayelima mahindi na muhogo nyuma ya gereji, anasema hakuwa akiona haya kwa kosa la mumewe kama alivyoona haya kwa ukaidi wake.

"Nilimletea turubai," anasema. "Nikamwambia, baba, lifunike walau Jumapili, watu wakitoka kanisani wasilione. Akakataa. Mtu akisimama kuuliza, yeye ndiye anafungua boneti anamwonyesha: hapa ndipo nilipokosea, na hapa, na hapa. Mpaka nikamwuliza, kwani wewe ni mwalimu?"

Ngeleja anacheka anapokumbushwa. "Wangelisimulia vyovyote vile. Nikaona bora nilisimulie mimi, maana mimi najua lilivyotokea."

Aliuza pikipiki yake na kununua injini iliyotumika na tabo nyingine. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kutengeneza boksi. Ni la bati nene, kingo zake zimezibwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hewa haivutwi tena chini karibu na gurudumu. Inaingilia juu, chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo vumbi hufika likiwa limechoka. Ikishaingia inapita kwenye sponji iliyolowa oili, kisha kwenye filta ya karatasi ya gari kubwa. Breki za mbele nazo amezibadili, kwa sababu, anasema, mara ya kwanza aliongeza mbio akasahau kusimama.

"Nguvu imepungua kidogo. Geji inasema hivyo na mimi sibishani nayo. Lakini nguvu ya miaka mitano ni kubwa kuliko ya wiki saba."

Saa mbili kasorobo, Mokami anafika amepakiwa nyuma ya bodaboda. Halisalimii gari. Analizunguka mara moja, anapiga tairi teke, anakaa kwenye usukani.

"Panda, fundi. Kama inakufa, ikufie na wewe ukiwa ndani."

Wanaondoka. Mwandishi wa makala haya, aliyebanwa nyuma kati ya matairi ya pikipiki, anasikia mluzi mwembamba wa tabo kila Mokami anapokanyaga mafuta. Kabla ya daraja la Mto Mara wanalikuta lori la mchanga, na nyuma yake vumbi limesimama kama ukuta.

"Mpite, dada," anasema Ngeleja.

"Simpiti."

"Barabara iko wazi."

"Naona iko wazi. Si umesema boksi lako halili vumbi? Basi leo tunalilisha."

Analifuata lori hilo kwa karibu nusu saa, vioo vimefungwa, wote watatu wakitokwa jasho. Ngeleja ametazama mbele bila kupepesa, kiganja kimelala juu ya dashibodi kama daktari anayesikiliza kifua. Baada ya Mugumu kuna mlima mfupi. Gari linaupanda na mzigo wote, na Mokami, kwa mara ya kwanza, anatabasamu, kisha anaficha tabasamu lake dirishani.

Issenye anashusha matairi sita na boksi la minyororo, anabishana na mwenye duka kuhusu taa zilizovunjika, na safari ya kurudi inaanza.

Saa tisa alasiri wako Kerende. Gidion na wenzake watano wameacha pikipiki zao na kusogea. Verdiana ametoka shambani na jembe mkononi. Ngeleja anatoa kitambaa, lakini Mokami anakikataa.

"Chako sikijui kilikolala," anasema, na kutoa kingine kwenye mkoba wake, kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

Boneti inafunguliwa. Bomba linafunguliwa pale linapotokea kwenye boksi. Mokami anaingiza vidole viwili vilivyovikwa kitambaa, anazungusha mara tatu, anavitoa.

Kitambaa ni cheupe.

"Marehemu amefufuka," anasema Gidion.

"Wewe mura, nyamaza," anasema Mokami, akimwita kijana kwa Kikurya, lakini sauti yake imelainika. Anakunja kitambaa na kuchukua funguo juu ya boksi.

"Bado," anasema Ngeleja.

Anapiga magoti, anafika chini ambako bomba linajikunja kabla ya kuingia kwenye tabo, anafungua kibano. Anaomba kitambaa, anapangusa kwa upande wa pili, kisha anakinyanyua ili wote waone. Kuna mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Mitikisiko ya barabara imekilegeza kibano, na hewa chafu imepata mlango baada ya boksi.

Hakuna anayecheka. Hata Gidion ametazama chini.

"Kwa nini hukunyamaza?" Mokami anauliza. "Funguo nilikuwa nimeshashika."

"Baada ya miezi michache ungerudi na moshi wa bluu."

"Tulikubaliana kikitoka chekundu linabaki."

"Tulikubaliana."

Mokami anatazama kitambaa upande mweupe, kisha upande wenye uzi. Verdiana ameweka jembe chini.

"Basi linabaki," anasema Mokami. "Mpaka kesho saa mbili. Tafuta kibano cha maana, ufunge viwili badala ya kimoja. Na safari hii nakwenda peke yangu, maana wewe fundi ukikaa pembeni unanitisha kuliko hilo lori."

Kesho yake alikwenda Issenye na kurudi. Bomba lilipanguswa juu, katikati na chini, na Ngeleja ndiye aliyeshikilia kitambaa hadi mwisho. Kilitoka cheupe kote. Mokami aliweka mzigo, akaligeuza gari na kuelekea Sirari bila hotuba yoyote. Wiki iliyofuata alimletea Ngeleja wateja wawili.

Mipango ya Ngeleja sasa si mingi. Anataka kutengeneza maboksi kumi kabla ya mvua kuisha, kila moja kwa kipimo cha gari lake. Anataka pia kusakafia sehemu ya gereji, ili tabo isifunguliwe tena juu ya udongo. Na amejiwekea utaratibu ambao, anasema, hatauvunja kwa mteja yeyote: hatashika spana kabla hajapanda gari na kupita njia ambayo mwenye gari huipita kila siku.

Wa kwanza kukutana na utaratibu huo ni Oswaldi, kijana kutoka Itiryo, aliyefika Jumatatu na Starlet nyeusi na koni mpya nyekundu ndani ya mfuko. Aliuliza kazi itaanza lini.

"Kesho," Ngeleja alimjibu. "Lakini kwanza twende kwenu."

"Kwetu kuna nini, fundi? Ni milima na ng'ombe tu."

Ngeleja alikuwa ameshafungua mlango wa abiria.

"Basi twende nikaione hiyo milima," alisema, "na hao ng'ombe wanatimua vumbi kiasi gani."